Baridi ya Jumamosi

Katika miaka kumi na miwili ya kazi, Inspekta Kabagwira alikuwa ameshika wezi wa mabati, wezi wa ng'ombe na bwana mmoja aliyeondoka na kengele ya kanisa mchana kweupe. Mwizi wa baridi hakuwa amewahi kukutana naye. Lakini ndivyo lalamiko lililoletwa mezani kwake lilivyosema, ukilivua maneno yake ya kiofisi: kwamba Usumani, mwangalizi wa kituo cha vipimo vya hewa cha Gikondo, alikuwa ameighushi baridi ya alfajiri kwa zaidi ya miaka miwili, akaiandikia serikali joto ambalo halikuwepo.

Mlalamikaji alikuwa mkuu wa mzee huyo mwenyewe, Évode Munyakazi, mtu wa tai na kalamu tatu mfukoni. Alhamisi ile, tarehe kumi na mbili Julai 1990, alimpokea Inspekta ofisini kwake akiwa ameshika barua kwa ncha za vidole.

"Imetoka ng'ambo, Madamu," alisema. "Kuna watu huko wanakusanya vipimo vya kila siku vya dunia nzima. Joto la juu la mchana, joto la chini la alfajiri, miaka hamsini, miaka mia. Wanaangalia dunia inaelekea wapi."

"Na inaelekea wapi?"

"Juu. Polepole. Na wanasema joto la alfajiri ndilo linalopanda haraka kuliko la mchana, karibu kila mahali. Lakini linapanda kama mtoto anavyokua, humwoni akirefuka. La kwetu Gikondo limeruka." Akagonga barua. "Februari 1988. Mwezi mmoja tu, digrii moja na nusu! Na mchana haukubadilika hata kidogo. Wanauliza kama kituo kilihamishwa. Hakikuhamishwa. Kama vifaa vilibadilishwa. Havikubadilishwa, nimevipima mwenyewe. Sasa kimebaki nini? Kimebaki mtu."

"Unadhani anafanya nini?"

"Analala! Anaswali alfajiri yake, anarudi kitandani, halafu akiamka jua limeshatoka, anaandika namba ya kubuni. Mtu aliyetoka kwenye blanketi atakumbuka baridi gani?"

Kabagwira alikiri moyoni kwamba hoja ilikuwa na miguu. Aliuliza itakuwaje iwapo ni kweli.

"Kughushi hati za serikali ni jela, unajua kuliko mimi. Amebakiza miezi mitatu astaafu. Na kituo kitafutwa kwenye orodha, vipimo vyote tangu 1964. Miaka ishirini na sita, Madamu, na yote kaiandika yeye." Hapo sauti ya Évode ilishuka, na Inspekta akaona kwamba mtu huyu alikuwa na hasira ya mtu aliyeumia. "Jumatatu lazima nijibu. Nipe ripoti yako kabla ya hapo."

Kituo kilikuwa kati ya gereji mbili na ghala moja, kiwanja cha nyasi kilichozungushiwa ukuta wa matofali. Katikati ya kiwanja, kwenye miguu minne, lilisimama sanduku jeupe la mbao lenye kuta za vibao vya kupitisha upepo. Ndani mlilazwa vipimajoto viwili. Usumani alivionyesha kwa adabu, mzee mwembamba mwenye kofia ya kufuma, mtu wa Biryogo, mtaa wa Waislamu, ambaye babu yake alikuja na misafara ya biashara kutoka pwani.

"Huyu wa zebaki anashika joto la juu, namsoma saa kumi na mbili jioni. Huyu wa spiriti ni wa baridi. Unaona kijiti humo ndani? Baridi inakisukuma chini, halafu kinabaki palepale. Hata ukichelewa saa nzima kitakuambia usiku ulifika wapi."

"Kwa hiyo mtu anaweza kuja saa tatu na bado akapata namba ya kweli?"

"Anaweza, ila mimi sijawahi kuja saa tatu." Alisema bila kukasirika. "Mama Inspekta, najua umetumwa nini. Niulize tu."

"Umewahi kuandika namba ambayo hukuisoma?"

"Mara moja. Mwaka sabini na tatu, siku mke wangu alipojifungua Shami. Nikaandika pembeni kwamba siku hiyo sikuja, namba ni ya kukisia. Iko humo, tafuta."

Kabagwira aliitafuta, na aliikuta. Akaomba daftari zote, akakaa nazo kwenye kibaraza cha stoo mpaka jua likashuka. Yeye hakujua hali ya hewa, lakini aliwajua waongo. Kila mwongo ana ratiba. Kwa hiyo alichukua vipimo vya alfajiri tangu Februari 1988, akavipanga kwa siku za wiki: Jumatatu zote pamoja, Jumanne zote pamoja, hivyo hivyo mpaka mwisho. Jumatatu ilitoka karibu kumi na saba. Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, Jumapili, zote zilikaa hapo hapo kumi na saba. Jumamosi ilianguka. Kumi na tano na kidogo, wiki baada ya wiki, mvua na kiangazi.

Akarudi nyuma ya Februari 1988. Huko Jumamosi zilikuwa kama siku nyingine tu.

Alifunga daftari huku ameshika tama. Kila Jumamosi, Rwanda nzima, watu walitoka kwenye umuganda, kazi ya pamoja ya kuchimba mitaro na kufagia njia, na konseye, kiongozi wa mtaa, aliita majina asubuhi. Gikondo hii mkusanyiko wenyewe ulikuwa mbele ya lango la kituo. Basi mzee ambaye siku sita analala, siku ya saba hana ujanja, lazima awepo. Na siku anayokuwepo kweli ndiyo siku anayoandika baridi ya kweli. Kesi ilikuwa imejimaliza yenyewe, na Kabagwira hakufurahi hata chembe. Alikuwa ameshampenda mzee yule.

Hata hivyo hakuandika ripoti. Mtuhumiwa anayesemwa kulala hukamatwa akiwa amelala, hiyo ndiyo kazi. Ijumaa, alfajiri ilipoanza kupauka, alikwenda Gikondo bila kumwambia mtu, akajibanza kwenye pembe ya ghala.

Usumani alikuwa kashafika. Alisimama kwenye kiwanja na shati lake jepesi, mgongo ameuegemeza ukutani, mikono nyuma, uso umetulia kabisa. Alitazama saa yake. Ilipofika kumi na mbili kamili aliondoka ukutani, akafungua kisanduku, akainama mpaka jicho likawa sawa na kijiti, akaandika. Kisha akakiinua kipimajoto, akakilaza upya, akafunga.

Kabagwira akatoka mafichoni. "Mwaramutse, Mzee."

"Mwaramutse neza, Mama Inspekta!" Hakushtuka hata kidogo. "Umeamka mapema. Kumi na sita nukta nane, njoo utazame. Oo, nimeshakilaza. Samahani."

"Unakuja saa ngapi kila siku?"

"Nikitoka msikitini napita hapa moja kwa moja. Nangojea saa yangu. Nikirudi nyumbani nitasinzia, najijua."

Hivyo nadharia ya blanketi ilikufa saa kumi na mbili na dakika mbili. Inspekta alitembea kurudi mjini akiwa amechanganyikiwa na pia amefurahi, na hayo mawili hayakai pamoja vizuri kwa polisi. Mzee halali. Mzee anasoma. Kwa nini basi Jumamosi?

Jumamosi alirudi. Safari hii alikuja na kipimajoto chake mwenyewe, alichokiazima kwa muuguzi mmoja mwenye friji ya chanjo, akakining'iniza ndani ya kisanduku kando ya vile vya serikali. Mbingu ilikuwa ile ile ya jana, wazi, nyota zikififia, bila wingu, bila upepo. Usumani alimpisha afanye atakavyo. Alikuwa amevaa koti zito la sufu, limefungwa mpaka kidevuni, na alikuwa anatembea huku na huku kiwanjani akipigapiga mikono.

Saa kumi na mbili alisoma. "Kumi na tano nukta moja."

Kabagwira alitazama cha kwake. Nacho kilisema kumi na tano, kwa kadiri macho yake yalivyoweza kusoma. Hakuna aliyeghushi chochote. Baridi ya Jumamosi ilikuwepo, na hata meno ya Inspekta yalikuwa yanaishuhudia.

Ndipo lango likafunguliwa, akaingia mke wa mzee, Aidah, mwanamke mnene mwenye kitenge na chupa ya chai. Alimmiminia mgeni kwanza.

"Kunywa, mama, utaganda. Leo Jumamosi."

"Kwani Jumamosi ina nini?"

"Jumamosi ni baridi." Aidah alimshangaa. "Hata koti lake huyu, siku nyingine haliguswi. Ijumaa usiku nalitoa sandukuni, naliweka kwenye kiti. Kila wiki."

"Tangu lini?"

"Miaka miwili sasa, au zaidi. Zamani alikuwa akilivaa kila siku. Mimi nilifikiri ni damu imechemka, uzee huu."

Usumani alicheka. "Anasema nimekuwa kijana."

Kabagwira hakucheka. Kikombe mkononi, alikuwa anatazama ukuta, pale kwenye sehemu moja ambapo matofali yalikuwa yamesuguliwa yakang'aa kwa mgongo wa mtu.

"Mzee, jana ulikuwa umeegemea pale. Leo mbona unatembea?"

"Leo ukuta ni baridi."

"Na jana?"

"Jana ulikuwa na joto. Siku zote una joto, isipokuwa..." Usumani aliugeukia ukuta.

"Isipokuwa Jumamosi," alimalizia Kabagwira. "Na wewe ulifikiri ni nini?"

"Nilifikiri ni jua la jana yake. Matofali yanashika jua." Alisema polepole, kama mtu anayesoma maandishi yake mwenyewe na kuona kosa. "Mifupa yangu ilikuwa inashukuru tu. Mtu haulizi kwa nini anafurahi."

"Jua la Ijumaa lina ubaya gani?"

Miaka ishirini na sita mzee alikuwa amesoma nusu za digrii mpaka macho yamechoka, na mgongo wake ulikuwa umeegemea jibu kila asubuhi. Alivua kofia, akaivaa tena. Kutoka sanduku jeupe hadi ukuta ule palikuwa na hatua nne, Inspekta alizihesabu.

Nyuma ya ukuta palikuwa na uwanja wa mama mmoja mjane, Nyirahabimana, aliyeuzia nusu ya Gikondo mikate ya asubuhi. Kabagwira alizunguka upande wa barabara, watu wa umuganda wakiwa hawajaanza kufika. Lango lilikuwa limefungwa kwa komeo, hakuna moshi, hakuna harufu ya mkate. Alikuwa anajiandaa kubisha mara ya tatu pale mwenye nyumba alipotoka mwenyewe, gauni jeupe limepigwa pasi, Biblia kwapani.

"Mama, mimi ni Inspekta Kabagwira. Nina swali moja kuhusu tanuri lako."

"Leo hapana," alisema Nyirahabimana kwa upole. "Leo ni Sabato. Mambo ya kazi mimi siongeagi leo. Uje jua ikisha kuzama."

"Sitaki mkate. Nataka kujua tu kama moto umezimwa tangu jana."

"Moto ni kazi."

"Basi niambie, tanuri lilijengwa lini?"

"Kujenga iko kazi kabisa!" Mama yule alikuwa anatabasamu, lakini hakuwa wa kuyumbishwa. "Hata konseye anajua, miye umuganda yangu nafanya Alhamisi. Polisi utanifunga kwa kushika amri ya nne?"

"Sitakufunga. Naweza kutazama bila kuuliza?"

Nyirahabimana alifikiri. Alitazama mbinguni kidogo, kama anayeomba ushauri. "Kutazama si kazi yangu, ni yako," akasema, akafungua lango.

Tanuri lilikuwa dume. Matofali ya kuchoma, mdomo wa upinde, bomba la moshi refu kuliko nyumba, na mgongo wake wote umeshikana na ukuta wa kituo cha vipimo. Fundi aliona ubahili wa kujenga ukuta wa nne ilhali ule wa serikali upo. Kabagwira aliweka kiganja kwenye mdomo wa tanuri: baridi kabisa. Majivu yalikuwa yamefagiliwa, kuni zimepangwa pembeni zikingoja. Juu ya upinde, kwenye saruji, fundi alikuwa ameandika kwa kidole kabla haijakauka: 10-2-1988.

Inspekta alisimama akiitazama tarehe ile kwa raha ambayo hakujaribu kuificha. Moto wa usiku, mikate ya alfajiri, ukuta unawaka, na upande wa pili spiriti katika mrija mwembamba haishuki mahali ilipokuwa ikishuka. Mchana tanuri limepoa na upepo unavuma, joto la juu halioni kitu. Ijumaa mchana mama anazima moto, anafagia majivu, na usiku ule mmoja wa wiki Gikondo inarudishiwa baridi yake. Mwongo gani duniani angebuni uongo unaoshika Sabato?

"Umeona ulichotaka?" Nyirahabimana aliuliza.

"Nimeona, mama. Murakoze cyane. Niombee huko."

"Hiyo naweza," alisema mama, na hiyo haikuwa kazi.

Jumatatu saa tisa mchana walikuwa watatu ofisini kwa Évode Munyakazi. Usumani alikaa ukingoni mwa kiti, koti limekunjwa magotini ingawa jua lilikuwa linachoma. Évode aliisoma ripoti mara mbili. Alipofika kwenye habari ya koti alikohoa. Alipofika kwenye saruji aliweka karatasi chini.

"Mzee," alisema, "niliandika kwamba umeghushi."

"Uliandika, bwana mkuu."

"Na ulikuwa unaamka."

"Nilikuwa naamka."

Évode alisimama, akazunguka meza, akampa mkono kwa mikono yake miwili kama mtoto anavyomsalimia mkubwa. Usumani aliupokea. Machozi yalimtoka bila kelele, akayaacha yatoke. Alikuwa amekaa roho juu kwa wiki nzima na hakuwa amemwambia mtu, hata Aidah.

"Basi imekwisha," alisema Évode aliporudi kitini, na sauti yake ya ofisi ikarudi naye. "Nitawajibu kwamba ni tanuri. Siku mia saba hamsini na sita za moto tunazifuta, na kisanduku kinahama mwezi huu."

"Usizifute," alisema Usumani.

"Zina makosa."

"Hazina. Joto lile lilikuwepo, mimi nililisoma. Andika pembeni kwamba palikuwa na tanuri. Mtu asome, aamue mwenyewe. Mimi sifuti kitu."

Évode alichukua kalamu. Akaandika kwenye karatasi: *zibaki, na maelezo.*

"Kuna jambo jingine," alisema Kabagwira. Alitoa karatasi moja mfukoni. Hakuwa ameiweka kwenye ripoti kwa sababu hakujua ni ya polisi au si ya polisi. "Jumapili sikuwa na la kufanya. Nilichukua zile Jumamosi peke yake. Ziko mia moja na ishirini na saba, tanuri limezimwa, mzee na koti lake. Wastani wake ni kumi na tano nukta nne. Halafu nikachukua miaka mitano ya mwanzo kabisa, sitini na nne mpaka sitini na nane. Jumamosi vilevile. Kumi na nne nukta tisa."

Évode aliivuta karatasi. Alihesabu upya kwa kalamu yake ya kwanza, halafu kwa ya pili, na watu wawili wakamngoja.

"Nusu digrii," alisema.

"Nusu digrii, bila mkate."

"Mji umekua," alisema Évode. "Mabati mengi, magari."

"Labda. Au ni ile ya barua yako, ya dunia nzima. Mimi nilitumwa nimtafute mwongo wa Gikondo, na Gikondo hakuna mwongo. Huyo aliyepandisha nusu digrii sijui anakaa wapi."

Nje magari yalipita. Évode aliichukua ile barua ya ng'ambo, akaisoma tena pale walipoeleza habari ya kupanda polepole, safari hii bila kuishika kwa ncha za vidole. Kisha akatia karatasi mbili kwenye mashine ya chapa, akaandika kwa nusu saa: tanuri, Sabato, Jumamosi mia moja na ishirini na saba, nusu digrii. Alipomaliza aliichomoa barua ya jibu, akatia sahihi yake chini, na chini ya sahihi yake akapiga mstari mwingine mtupu.

Akamsukumia mzee barua, na kalamu juu yake.

"Tia na wewe," alisema. "Usipotia, wataamini vipi? Vipimo ni vyako."

Usumani alisoma barua yote, neno kwa neno, kidole kikifuata mstari. Alitia sahihi taratibu kwa mwandiko ule ule wa daftari. Halafu akatazama saa ya ukutani, akainuka, akashika koti lake.

"Mtaniwia radhi," alisema. "Ni mwendo mpaka Gikondo, na joto la juu la leo halitajisoma."